Paa Lililopakwa Mafuta

Habari za plastiki ya paa nilizijua kabla sijaijua Bariadi. Niliacha shule nikiwa darasa la sita, na tangu hapo nimeshika kazi nyingi mno kuzikumbuka kwa mpangilio. Nimepakia dagaa, nimeziba pancha za baiskeli, nimechekecha mchanga mtoni, na kwa msimu mmoja, Mwanza, nilikuwa kibarua wa mafundi waliotandika plastiki juu ya majengo yenye slabu, yale ambayo paa lake ni zege lililolala kama sakafu. Zege peke yake hunywa maji, hata likorogwe vizuri namna gani. Kwa hiyo linavishwa.

Plastiki ile ilikuja imeviringishwa kama mikeka, mizito, ya rangi ya kijivu. Sisi vibarua tulifagia, tukaikunjua, tukashikilia pembe. Fundi mkuu alipita na mashine inayopuliza hewa ya moto, akiingiza mdomo wake mahali ambapo vipande viwili vimepandana, na mkono wa pili ukifuata nyuma na kigurudumu cha kugandamiza. Vipande viwili vinakuwa kitu kimoja. Nilipenda kutazama jambo hilo kuliko chakula cha mchana.

"Wewe unauliza kama askari," fundi aliniambia. Lakini alijibu. Alisema plastiki hii kwa asili ni ngumu, ni ileile ya mabomba ya maji. Ili ikubali kulala juu ya paa na kukunjwa kwenye kona, kiwandani wanaichanganya na kilainishi, kitu cha majimaji kama mafuta. Kilainishi hicho hakikai milele. Jua linakitoa kidogo kidogo.

"Na kikiisha?"

"Kikiisha, inarudi kuwa bomba."

Jibu hilo nililibeba miaka mingi bila kujua la kulifanyia. Ninayo majibu mengi ya aina hiyo kichwani.

Bariadi nilifika wakati wa kununua pamba. Nilikuwa Nyashimo kwanza, nikisaidia duka la vifaa vya baiskeli kando ya barabara kuu, kisha nikachoka kuona mabasi yakielekea Musoma bila mimi, nikapanda moja lililogeuka kuelekea ndani. Nilipata kazi ya kubeba magunia ghalani, na chumba cha uani kwenye nyumba ya mzee mmoja. Chumba changu kilikuwa cha bati, joto lake la kutisha, lakini kikavu. Nyumba kubwa ya mbele, aliyoishi mzee na mkewe, ilikuwa ya slabu. Juu ya slabu nondo zilisimama wima pembeni zote, zimeshika kutu, zikingoja ghorofa ambayo haikuja.

Nyumba hiyo ilikuwa ng'ombe wake wote. Sisemi kwa mafumbo. Mwaka mmoja wa ukame, kabla Bariadi haijawa makao ya mkoa, mzee alikuwa na kundi upande wa Dutwa, na alilitazama likianguka. Alinisimulia mara kadhaa, kila mara kwa sauti ileile. Ng'ombe aliyedhoofika hulala na hawezi kuamka peke yake, na akilala sana anakufa. Basi asubuhi watu wanakwenda kumwinua. Mmoja anashika mkia, wengine pembe na mbavu, wanamsimamisha, wanamwegemeza mpaka miguu ikumbuke kazi yake. Jioni ameanguka tena. Kesho wanamwinua tena.

"Mnaacha lini?" nilimuuliza.

"Siku ukichukua kisu."

Maana aliyekufa huchunwa. Ngozi ndiyo kitu pekee kinachobaki kwako, kwa hiyo unaichuna vizuri, unaiwamba, unaikausha, unaipaka mafuta ikakubali kukunjika. Mwaka ule, alisema, ua wake ulijaa ngozi zilizowambwa na vigingi, na watoto hawakuwa na mahali pa kukanyaga.

Waliosalia walinenepa mvua iliporudi. Hapo ndipo akafanya jambo ambalo ukoo haujamsamehe. Aliwauza wote, hakubakiza hata mtamba, akaja mjini kujenga. Kwenye kikao wadogo zake walimuuliza kama amerogwa. Yeye alisimama akasema nyumba haifi njaa. Maneno hayo yakamganda. Dutwa nzima ilimwita hivyo, Nyumba-haifi.

Aliponisikia nikitaja kazi ya Mwanza, macho yake yaliamka. Siku hiyohiyo, kabla jua halijashuka, alinipandisha juu kwa ngazi ya miti.

Nilichokiona nilikijua. Plastiki ilikuwa imetandikwa vizuri hapo zamani, na mafundi kama wale wa kwetu. Sasa ilikuwa nyeupe badala ya kijivu. Nilipopitisha kiganja, kiganja kilitoka na unga, kama nimegusa ubao wa darasani. Pembeni, ilipopanda ukuta mfupi unaozunguka paa, ilikuwa imejivuta. Kila plastiki ya namna hii ikipoteza kilainishi hunywea, na ikinywea hujing'oa kwenye kona, ikabaki imekaza hewani kama ngoma. Unaikanyaga kwenye kona inalia. Katikati, mahali ambapo maji husimama baada ya mvua na kukauka taratibu, kulikuwa na mipasuko midogo midogo isiyo na mpangilio, kama matope ya lambo wakati wa kiangazi. Kuzunguka kila nondo ilikuwa imechanika kabisa.

Mke wake alikuwa ameanika michembe upande mmoja, vipande vya viazi vyeupe vimetandazwa juu ya vitenge vilivyochakaa. Upande mwingine lilikaa tenki la maji, jeusi, juu ya plastiki hiyohiyo.

"Inavuja wapi?" nikauliza.

"Chumbani kwa mama yenu. Juu ya kitanda. Lakini juu ya kitanda, nikija huku, hapana tundu."

Nikamweleza. Maji yakishaingia chini ya plastiki hayatoki, yanatembea. Yanaingilia kwenye nondo hii, yanatokea kwenye chumba kile. Na yakiwa chini huku hayakauki hata jua likiwaka namna gani, kwa sababu kile kilichowekwa kuyazuia yasiingie sasa kinayazuia yasitoke. Yanabaki na zege, na ndani ya zege kuna nondo.

Alichuchumaa, akabana ukingo wa plastiki kwa vidole viwili, akaukunja. Ukalia, ukapasuka.

"Kwa nini imekuwa hivi?"

Nikamwambia habari ya kilainishi, kitu kama mafuta, na jua. Alinisikiliza akiwa bado ameshika kile kipande. Kisha akasema polepole, "Imekauka, basi. Kama ngozi."

Mke wake, ambaye sote tulimwita mayu, yaani mama, alikuwa na dawa nyingine, na haikuhusu plastiki. Dutwa alikuwepo mdogo wa mumewe, mwenye ng'ombe. Mdogo mtu alikuja wiki ileile kuuza pamba yake, akapita kusalimia. Alikaa kwenye kigoda uani, amevaa kofia ya pama, miguu imenyooshwa.

"Mwadila, kaka."

"Mwadila."

"Nyumba hawajambo?"

Mzee alitazama juu, kwenye nondo.

"Nauliza tu. Ng'ombe wangu hawajambo, wanakula. Nasikia wako siku hizi anakojoa ndani."

Mayu aliziba mdomo kwa kanga. Hata mimi nilicheka, nikainama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Mdogo mtu alipomaliza kucheka mwenyewe, alikuwa mtu mwingine. Alisema, bila mzaha sasa, kwamba mayu hawezi kulala chini ya maji. Atatoa dume moja. Wauze, wanunue mbao na mabati, waezeke juu ya slabu kama nyumba ya watu, na hiyo plastiki ibaki huko chini na siri zake. "Lakini, kaka, uje nyumbani. Uje uombe mbele ya watu, kama watu wanavyoomba. Siku ile ulisimama mbele yetu wote ukasema maneno. Njoo usimame palepale."

"Mimi ni mkubwa wako."

"Ndiyo maana nakungojea. Ungekuwa mdogo ningekufuata."

Akaenda zake. Mayu alimwambia mumewe palepale, nikiwa nasikia, kwamba kiangazi kina mwisho na Dutwa si mbali, mabasi yanapita asubuhi na jioni. Mzee alisema atafikiri. Nami kwa kuwa nilikuwa nimeliona paa, nilijua hana muda mrefu wa kufikiri. Kama mvua ingekuja kabla ya mabati, zege lingekunywa tena mpaka litosheke. Nilimwambia hivyo. Aliniambia yeye ameanza kutazama mawingu kabla baba yangu hajazaliwa.

Nilikwenda tena Nyashimo kwa muda, kulikuwa na kazi ya kushusha saruji. Niliporudi, nilisikia harufu kabla sijafungua geti. Ilikuwa harufu ya kikaango. Vijana wa bodaboda walioegesha kwenye kona walikuwa wakicheka.

"Wewe wa uani, kwenu leo mnakaanga nini? Tunaisikia tangu asubuhi, hatujaona hata andazi!"

"Wanakaanga nyumba," mwenzake akasema. "Mzee amechoka kungoja iive."

Nikapanda ngazi. Mzee alikuwa amepiga magoti katikati ya paa, shati amevua, mgongo unang'aa jasho. Kando yake kulikuwa na dumu la mafuta ya pamba, yale mazito meusi yasiyosafishwa yanayotoka kwenye mashine za kukamulia mbegu. Alikuwa na tambara, na alipaka kwa kuzungusha mkono, akigandamiza kwa kiganja, pole kwa pole, hakuruka mahali. Alipaka kama anavyopaka mtu aliyezijua ngozi maisha yake yote. Nusu ya paa ilikuwa imekolea na kung'aa.

"Njoo ushike," aliniita. "Njoo, njoo. Kunja hapo."

Nikakunja ukingo. Ulikuwa umelegea. Ulikunjika bila kulia.

Nakumbuka furaha iliyokuwa usoni mwake, kwa sababu ndiyo mara ya mwisho niliiona. Alicheka kwa sauti, akapiga paa kwa kiganja. "Mafundi wenu wa Mwanza wana mashine. Hawana mama aliyewafundisha kulainisha ngozi." Kisha akasema, kwa utulivu, "Siendi Dutwa."

Nilimwambia kweli, kwamba sijui kama mafuta yatafaa. Jambo lilikuwa na mantiki. Kitu kimekauka kwa kukosa mafuta, unakirudishia mafuta. Ningekuwa na nyumba na kumbukumbu zake, huenda ningepiga magoti vilevile. Lakini mimi jambo likinishika haliniachi. Nikaomba vipande viwili vidogo vya pembeni, kimoja kilichopakwa na kingine ambacho tambara halijafika, nikaviweka juu ya ukuta wa choo, juani, kila kimoja chini ya jiwe lake. Na nikampigia simu fundi wa Mwanza.

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza kama nasema kweli. Nikasema kweli. "Mafuta hayaingii yakakaa," alisema. "Yanaingia yakavuta. Kile kilainishi kilichobaki ndani kinayafuata mafuta, kinatoka nayo. Tulishawahi kuona paa la hoteli juu ya jiko, pale moshi wa kukaangia unapotokea. Kwingine kote plastiki nzima, pale ilivunjika kama sahani. Mwambie mzee aache."

Nilimwambia mzee. Alikuwa anakunywa uji.

"Huyo fundi amewahi kulainisha ngozi?"

"Sidhani, baba."

"Basi."

Wiki zilizofuata paa lilianza kubadilika kwa namna ambayo hata fundi hakuisema. Mafuta yalinasa kila kilichopita. Ulikuwa wakati wa vumbi, na magari ya pamba yalipita siku nzima, nyuzi zikipeperuka kutoka kwenye mizigo. Vumbi na nyuzi vilitua juu ya paa vikakaa. Siafu wadogo wakapata njia ya kupanda ukutani. Mayu aliteremsha michembe yake kwa sababu ilinuka mafuta mabovu, akaianika chini, kuku wakaila. Ile ngozi laini ikawa gamba la rangi ya udongo, na jua la Bariadi likaipika kutwa. Siku moja nikapanda kuchukua vipande vyangu juu ya ukuta wa choo. Kile ambacho hakikupakwa kilikuwa kama nilivyokiacha, kibovu, kikikunjwa kinachanika. Kile kilichopakwa hakikukunjika hata kidogo. Kilikatika mkononi kwa mlio mkavu, na kingo zake zilikuwa kali.

Nilimpelekea. Sikutaka, lakini mayu aliniona navyo akasema, "Mpelekee, mwanangu. Mimi hanisikii."

Mzee alikichukua kile kisichopakwa akakikunja. Akachukua mabaki ya kile kilichopakwa, akavunja tena nusu, na nusu yake. Alitazama zile kingo kwa muda. Nilidhani sasa ataomba nimsindikize stendi.

"Hakikupakwa vya kutosha," alisema.

Akanunua dumu jingine.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, kwa upepo, baada ya siku kadhaa za joto zito. Nilikuwa ghalani, tukasimama mlangoni na kuitazama ikipiga barabara. Watu walifurahi, mashamba yalikuwa yametifuliwa yakingoja. Mimi nilikuwa nikifikiria kona zile zilizokaza kama ngoma. Niliporudi nyumbani, mayu alikuwa ameweka mabeseni na sufuria chumbani kwake, na maji yalikuwa na rangi ya kahawia na utando wa mafuta juu. Plastiki ilikuwa imepasuka kutoka nondo hadi nondo, mistari mirefu iliyonyooka, kama mtu amepita na rula.

Ikanyesha siku baada ya siku. Mzee alipanda kila asubuhi, mvua ikikatika, akafagia maji, akaziba mipasuko kwa vipande vya mifuko, kwa udongo wa kichuguu, kwa sabuni ya kipande iliyopondwa, kwa chochote. Nilimsaidia nilipoweza. Jioni vyote vilikuwa vimeondoka na maji. Siku moja, tukiwa tumeinama pamoja juu ya ufa uleule wa jana, nilikumbuka ile habari ya mkia na pembe, nikamtazama, na nikaona yeye ameshaikumbuka zamani.

Chini, dari ya chumba cha mayu ilikuwa imetoa madoa yenye rangi ya kutu, mistari sambamba. Hiyo ni nondo inajichora. Ikishika kutu huvimba, na ikivimba inalisukuma zege lililoizunguka. Niligonga kwa ufito, ikalia kama mtungi mtupu. Nikamwambia mayu asilale pale. Akahamisha godoro ukumbini. Lakini nguo zake zilikuwa mle, na sanduku lake, na kila siku aliingia na kutoka, kama mtu yeyote kwenye chumba chake.

Lilianguka adhuhuri, jua likiwaka, siku ambayo haikunyesha hata tone. Nilikuwa uani nafua. Nilisikia kishindo kisicho kikubwa, kama gunia limetupwa, kisha kimya, kisha sauti yake, ndogo, ikiniita mimi na si mumewe. Bamba la zege na lipu, pana kama meza, lilikuwa limebanduka. Kitanda kilikuwa kimevunjika katikati. Yeye alikuwa ameinama kwenye sanduku, likampata ukingoni, begani. Mtulinga ulikuwa umevunjika, na mkono ulining'inia vibaya. Alikuwa mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Juu yake, pale dari ilipokuwa, nondo zilionekana, nyekundu, zimemenyeka tabaka tabaka kama gome la mti.

Tulimpeleka hospitali kwa bajaji, mzee amemshikilia upande wa pili. Alikuwa akisema neno moja kwa Kisukuma, "mayu, mayu," kama mtoto anayemwita mama yake. Walipomfunga mayu mkono na kumlaza, alizungumza na mimi, mzee akiwa amesimama miguuni pa kitanda.

"Mwambie shemeji yangu aje anichukue. Mle sirudi."

"Mayu, baba yuko hapa. Mwambie mwenyewe."

"Huyu ana mgonjwa wake nyumbani. Aende akampake mafuta."

Mdogo mtu alikuja kesho yake na gari la kukodi. Hakutania. Alimbeba shemeji yake mwenyewe, akamlaza kwenye kiti cha nyuma juu ya mablanketi, na kabla ya kupanda alimtazama kaka yake kana kwamba anangoja neno moja tu. Mzee aliangalia magurudumu.

Lakini alikwenda. Nyumba ilipobaki na yeye, na kuku, na matone, alivaa koti lake la kanisani, akapanda basi la asubuhi kwenda Dutwa. Niliyasikia baadaye kutoka kwa mdogo mtu mwenyewe. Alisimama mbele ya wazee na vijana, mahali palepale, akasema nyumba inakufa na anaomba msaada. Hakuna aliyecheka. Mdogo wake hakumwacha amalize, alimshika mkono akamkalisha. Dume lilitolewa siku hiyohiyo, na waliporudi Bariadi walikuja pamoja na fundi wa kuezeka, mwenye futi ya kupimia mbao.

Fundi alipanda juu, akatembea kwa hadhari pembeni, akashuka. Akaingia chumbani kwa mayu, akatazama juu. Akaingia na vyumba vingine, akagonga dari kwa mpini wa nyundo, chumba hadi chumba. Tulifuata nyuma tukisikiliza mlio. Kila mahali mtungi ulikuwa mtupu.

"Mbao nitazisimamishia juu ya nini?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. "Hii haibebi kitu, mzee wangu. Hii yenyewe inatafuta pa kuangukia. Ungeniita wakati wa kiangazi..." Akaacha hapo, kwa kuwa aliona nyuso zetu.

Mdogo mtu alisema, "Kaka, twende nyumbani." Alisema kwa Kisukuma, kwa upole ambao sikujua anao. Dume, ambalo lilikuwa bado halijauzwa, liliswagwa kurudi zizini.

Mzee aliomba abaki siku chache kufunga mambo. Nilibaki naye, ingawa kazi ya ghala ilikuwa imekwisha na miguu yangu ilikuwa imeanza kuwasha. Alilala chumbani kwangu, chini ya bati, na mimi nilitandika mkeka mlangoni. Mvua ilipumzika.

Asubuhi moja alinikuta nachemsha chai.

"Una kisu?"

Nilikuwa na kisu cha kukatia kamba za magunia. Nikampa. Alijaribu makali yake kwa dole gumba, akakinoa kidogo kwenye ukingo wa ngazi ya jiko, akatangulia kupanda nacho.

Tulitembea pembeni tu, juu ya kuta. Alianzia kwenye kona, akapitisha kisu chini ya ukingo, akavuta. Alinionyesha jinsi ya kushika, mkono mmoja unakata, mwingine unavuta kwa kiganja kilichokunjwa ngumi, usitoboe. Maneno yaleyale ya kumchuna ng'ombe; sidhani alikuwa na mengine. Lakini haikuchunika. Kila alipovuta ilivunjika, ikatoka vipande vya ukubwa wa sahani, vya kiganja, vya kucha. Gamba la vumbi na pamba lilibanduka peke yake. Chini yake kulikuwa na maji, hata siku hiyo, maji ya rangi ya chai, na utelezi wa kijani, na zege jeusi lililonuka kama kisima kilichofunikwa. Vipande tulivitupa chini uani, vikalia vikigongana. Vijana wa bodaboda walikuja getini kutazama, wakarudi kwenye kona yao.

Jua lilipopanda sana tulifika kwenye tenki. Lilikuwa tupu, tulilisukuma tukalilaza ubavu. Pale lilipokaa, plastiki ilikuwa ya kijivu. Mviringo mzima, safi. Tambara la mafuta halikufika hapo, na jua halikuwahi kufika. Mzee alikata kuzunguka, polepole, bila kuichana, akaivuta ikaja yote kwa pamoja. Aliikunja mara moja. Akaikunja tena. Haikulia. Ilikunjika mkononi mwake kama kitu kilichotoka kiwandani leo, na ukiiachia inajilegeza.

Aliishika hivyo muda mrefu, akiikunja na kuikunjua. Nilidhani atasema kitu juu ya mafuta, au jua, au mdogo wake. Aliniuliza tu kama ile ya Mwanza, tulipoitandika, ilikuwa hivi.

"Ilikuwa hivyo, baba."

"Wabeja," alinishukuru, sijui kwa lipi.

Nilimsindikiza stendi alasiri. Alikuwa na sanduku la mayu, kuku wawili wamefungwa miguu, na ile plastiki imekunjwa chini ya kwapa. Kondakta alitaka kuiweka juu na mizigo mingine. Mzee alikataa. Alikaa dirishani, ameipakata, na basi lilipoondoka kuelekea Dutwa hakugeuka kutazama upande wa nyumba. Mimi niligeuka. Nondo zilionekana juu ya mapaa ya bati ya jirani, zimesimama wima, kama siku ile niliyofika.